Picha ya Kiberenge Akitembea

Siku Kiberenge aliposimama kwa mguu wake mpya kwa mara ya kwanza, dada yake alimpiga picha, na picha ile ikaonyesha kila kitu isipokuwa Kiberenge. Nondo za dirisha zilitoka safi, hata madoa ya kutu yalionekana. Mti uliokuwa nje ulitoka na majani yake yote. Lakini mbele ya dirisha, pale alipotakiwa kuwepo kijana mwenye jasho usoni na meno yote nje kwa furaha, palikuwa na kitu cheusi kama gunia la mkaa lililosimamishwa wima.

Kiberenge aliitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera, akacheka mpaka akalazimika kuyashika tena mabomba ya mazoezi yaliyokuwa pande zake mbili.

"Dada, hapa umempiga picha dirisha. Mimi nimemsindikiza tu."

Ukumbi mzima wa mazoezi ukaangua kicheko. Dada yake naye alicheka. Lakini jioni dada alipofika nyumbani, mama yao aliichukua kamera, akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, akauliza kwa upole, "Huyu ni nani?" Hapo ndipo ilipomuuma.

Dada huyo walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake pia. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule, magauni na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao. Kiberenge, mdogo wake wa pekee, alikuwa fundi umeme wa kupanda nguzo. Jina hilo alipewa na mama tangu akitambaa, kwa sababu, kama kile kigari cha reli, hakutulia mahali pamoja, na kila alikopita aliangusha kitu. Mwanzoni mwa mwaka alipanda nguzo iliyokuwa imeoza chini kwa chini bila mtu kujua, nguzo ikalala naye. Mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Hospitalini alikuwa mtu wa utani. Wageni wakija aliwachekesha mpaka wanasahau kumpa pole. Wakishaondoka aligeukia ukutani, na aliyelijua hilo ni Sindano peke yake, kwa kuwa ndiye aliyempelekea chakula karibu kila mchana. Mama hakuweza kwenda. Magoti yalikuwa mabovu na ngazi za hospitali ile zilimshinda. Alichopata ni habari za kuletewa, na picha ndizo zilizotakiwa kuwa macho yake.

Kamera yenyewe ilikuwa ya shangazi yao, dada wa marehemu baba. Shangazi alikuwa na studio ya picha kwa miaka mingi, na watu wengi mjini walikuwa na picha ya arusi au ya mtoto iliyotoka mikononi mwake. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Aliifunga studio bila kumuaga mtu, akampelekea Sindano kamera ndani ya mfuko wa kitambaa. "Mikono yako imezoea kutunga uzi," alimwambia. "Itaiweza hii." Sindano aliiacha kamera ijiamulie kila kitu yenyewe, akawa anapiga picha za magauni ya wateja na kuridhika. Magauni hayakuwahi kulalamika.

Sasa alimpigia shangazi simu, na kesho yake asubuhi shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha wateja, miwani puani, akiitazama ile picha ya gunia la mkaa.

"Fokasi, ule ukali wa picha, uliiweka wapi?"

"Sikuiweka, shangazi. Inajiweka yenyewe."

"Ndiyo maana imejiwekea dirishani. Sikiliza, mwanangu. Kamera ukiiachia ichague, itakimbilia kile kinachoigutusha: chenye mistari mikali, au kilicho karibu nayo. Nondo nyeusi kwenye mwanga mweupe, itaziachaje? Yenyewe haimjui mdogo wako. Wewe ndiye unayemjua. Iambie."

Akamwonyesha kiboksi kidogo kilichoonekana ukichungulia ndani, na vishale vya nyuma vinavyokisogeza huku na huku. Kiboksi kinawekwa juu ya jicho la mtu. Unabonyeza kitufe nusu, kamera inalenga na kulia "pii", kisha ndipo unamalizia. Alipanga vifungo vya nguo mezani, vingine karibu, vingine mbali, akamwambia ampigie chekundu cha katikati. Sindano alibonyeza, kikatoka cheupe cha mbele. Akarudia, ukatoka ukingo wa meza.

"Unabonyeza kama unaua kunguni!" shangazi alimfokea. "Ukitaka cherehani ishuke mshono mmoja tu, unaikanyaga vipi pedali?"

"Kidogo kidogo. Naigusa tu."

"Basi gusa."

Akagusa. Kamera ikalia, kifungo chekundu kikatoka na matundu yake manne na uzi uliobaki ndani ya tundu moja, na vingine vyote vikayeyuka pembeni. Sindano alikitazama kifungo kile kama vile hajawahi kushona hata kimoja maishani.

"Usivimbe kichwa bado," shangazi akasema. "Mdogo wako si kifungo. Atatembea."

Kulikuwa na namna nyingine ya kulenga, ambayo kamera haiishii kwenye "pii" moja. Kidole kikiendelea kukaa nusu, yenyewe inaendelea kumfuata mtu anapokuja au anapokwenda. Kwa hiyo Sindano aliwekwa mlangoni awapige picha waendesha baiskeli. Mtaa ulipata burudani. Muuza maziwa aliposhtukia kamera alisimama, akashuka, akajipanga vizuri kama anapigwa picha ya pasipoti, wakati kilichotakiwa ni apite. Mnoa visu alidhani ni watu wa manispaa wanawatafuta wasio na leseni. Akageuza baiskeli na kutokomea, na hiyo ndiyo ikawa picha kali kuliko zote za asubuhi ile: mgongo wa mnoa visu, kila uzi wa shati lake ukihesabika.

"Kwa kukimbiza umefuzu," shangazi alisema huku akifuta machozi ya kucheka. "Sasa mwanga."

Alichukua jora la kitambaa cheupe cha mashati ya shule na jora la kitambaa cheusi cha sketi, akavitandika mezani karibu na mlango. Akamwambia Sindano apige cheupe peke yake, kijae picha nzima, kisha cheusi vivyo hivyo. Sindano akapiga. Alipozitazama picha mbili zile aliona zote zimetoka rangi moja, kijivu kama maji ya kufulia.

"Imeharibika," alisema.

"Haijaharibika hata kidogo. Ndivyo ilivyoumbwa. Ndani yake mna kipima mwanga, na kipimo hicho kinaamini kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ukikionyesha cheupe, kinasema mwanga umezidi, kinapunguza. Ukikionyesha cheusi, kinasema kuna giza, kinaongeza. Haya, niambie, dirisha likijaa kwenye picha, kipimo kitafanya nini?"

Sindano alifikiri. "Kitasema mwanga umezidi. Kitapunguza."

"Na aliyesimama mbele ya dirisha?"

"Atazama gizani." Akajipiga kofi la paja. "Kumbe! Ndiyo maana akawa gunia!"

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuiambia kamera ipime nukta moja tu, na nukta hiyo uiweke kwenye uso wa mtu. "Lakini ukumbuke uso wenyewe ni wa rangi gani," shangazi alionya. "Yule kijana ni mweusi wa kung'aa kama baba yake. Kipimo kitataka kumpausha awe wa kijivu chake. Punguza kidogo. Usiniletee mtu aliyepakwa majivu." Ya pili ni kukiacha kipimo kipime picha nzima, kisha wewe mwenyewe unakisahihisha kwa gurudumu dogo lililo chini ya kidole gumba: upande wa kujumlisha ukiona nyuma kuna mwanga mwingi, upande wa kutoa ukiona nyuma kuna giza. Sindano alishinda siku ile akizungusha gurudumu, nyeupe ikawa nyeupe, nyeusi ikawa nyeusi, na sare za watu zikalala bila vifungo.

Alipokwenda tena hospitali alikwenda kwa kujiamini. Akakuta mambo yamebadilika. Mguu mpya ulikuwa umemchubua Kiberenge, na mtaalamu wa viungo, mama mmoja mkakamavu ambaye wagonjwa walimwita Kocha, alikuwa amemwamuru apumzike mpaka kidonda kikauke. Kiberenge alilala uso ukutani, safari hii bila hata kungoja wageni waondoke.

"Chakula weka hapo," alisema. "Na hilo dude lako liache nyumbani kesho."

"Nimejifunza, mdogo wangu. Safari hii sitakupiga..."

"Dada. Unataka kupiga nini? Mtu aliyelala?"

Sindano aliweka chakula. Alitoka wodini, akaenda kwenye ukumbi wa mazoezi, akakaa kwenye benchi, kamera mapajani. Pembeni yake, kwenye kiti kilichoegeshwa dirishani, alikaa bibi mmoja aliyevunjika nyonga, ambaye alikuwa akijifunza kutembea kwa fremu ya chuma. Kichwani alikuwa na kilemba cheupe pe, na kupitia mlango wa wodi uliokuwa wazi alikuwa amesikia kila neno.

"Kama yeye hataki, mimi nipo," bibi alisema. "Au mimi si mtu?"

Sindano akajikuta anatabasamu. Alipiga moja, bibi akazama gizani. Dirisha lile lile, ugomvi ule ule. Akashusha pumzi. Bibi amekaa, haendi popote, basi dawa ya nukta itafaa. Akaiweka nukta kwenye shavu la bibi, akapunguza kidogo ili shavu libaki na weusi wake, akasogeza kiboksi juu ya jicho, akagusa kitufe kama anavyogusa pedali. Pii. Akamalizia.

Bibi alipopewa kamera aliisogeza karibu na uso. Kwenye kioo kile mlikuwa na kope zake, mikunjo yote ya pembeni mwa macho, na ule mdomo uliokuwa karibu kusema jambo. Kilemba kilikuwa cheupe na bado kilionyesha kilivyofungwa, pindo juu ya pindo.

"Kumbe bado nipo!" alisema bibi hatimaye. Kisha hakuwa na simile tena. Aliamuru picha ipitishwe kitanda hadi kitanda, wodi ya wanawake kwanza, kisha ya wanaume, na Sindano akaifuata kamera yake nyuma nyuma kama msaidizi wa bibi. Hivyo ndivyo ilivyofika kwa Kiberenge. Alitaka kuirudisha bila kuitazama, lakini bibi alikuwa amesimama mlangoni na fremu yake, akimkodolea macho. Akaitazama.

Aliitazama muda mrefu.

"Hii umepiga wewe?"

"Nani mwingine?"

"Na dirisha liko nyuma yake, lile lile?"

"Lile lile."

Kiberenge alimrudishia kamera, akajiinua akakaa. "Kidonda kikikauka Kocha ananitoa kwenye mabomba. Nitatembea ukumbini bila kushika kitu. Uje."

"Na kamera?"

"Ulitaka uje na pasi?"

Kidonda kilikauka. Asubuhi ya siku yenyewe Sindano alifika mapema pamoja na shangazi, aliyevaa gauni lake zuri na kutangaza kwamba amekuja kutazama, hatasema neno. Ukumbi ule ulikuwa mrefu. Mwisho mmoja kulikuwa na dirisha na yale mabomba ya mazoezi, na mwisho wa pili mlango uliofunguka kwenye ua. Kiberenge angeanzia dirishani, aje mpaka kwenye kiti kilichowekwa karibu na mlango, akae. Sindano alisimama mlangoni akimtazama. Alijaribu nukta, akaona haifai: mdogo wake akiyumba kidogo tu nukta inaangukia shati jeupe, na yeye anakuwa mweusi tii. Akaacha kipimo kipime picha nzima, akazungusha gurudumu upande wa kujumlisha mpaka uso wa Kiberenge ukaonekana kama ulivyo, na dirisha nyuma yake likaungua likawa jeupe tupu. Liungue tu.

"Uko tayari, Kiberenge?" Kocha aliuliza.

"Muulize mpiga picha."

"Niko tayari," Sindano alisema, akagusa kitufe nusu.

Kiberenge aliachia bomba. Hatua ya kwanza ilikuwa ya kuogopa, ya pili ya kubahatisha. Kuanzia ya tatu alianza kutembea. Aliyumba, alikunja uso, mikono aliitanua kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, lakini alikuwa anatembea, na Kocha alikwenda nyuma yake amenyoosha mikono bila kumgusa. Kiboksi kilikaa usoni pake. Kidole cha Sindano kilikaa nusu, kamera ikamfuata, na kila alipoona macho ya mdogo wake yamekuwa makali ndani ya kiboksi alimalizia. Wagonjwa walijipanga kwenye milango ya wodi wakiwa kimya kama wako mtihanini.

Alifika kwenye kiti.

"Safi sana," Kocha alisema. "Kaa."

Kiberenge alikitazama kiti. Akautazama mlango uliokuwa wazi nyuma ya dada yake, na ua wenye jua. "Sijachoka," alisema, akakipita kiti.

"Kiberenge!"

Hakugeuka. Sindano alirudi kinyumenyume, akavuka kizingiti, jua likampiga mgongoni. Na hapo, jicho likiwa bado kwenye kamera, aliona kila alichokipanga kimevurugika. Mdogo wake alikuwa anaingia kwenye jua, na nyuma yake dirisha la mbali lilikuwa limezibwa na mwili wake, ukabaki ukumbi wenye giza tu. Kipimo kikiona giza lile kingeongeza, na yeye alikuwa ameshaongeza. Uso wa Kiberenge ungeungua wote. Akili ilimrudisha kwenye yale majora mawili mezani: hili sasa ni jora jeusi. Kidole gumba kilikwenda chenyewe. Alizungusha gurudumu kurudi nyuma, akapita katikati, akaingia upande wa kutoa, wala hakushusha kamera.

Mguu mpya ulitangulia kuvuka kizingiti. Jua lilimwangukia Kiberenge usoni, akainua kichwa.

Sindano akamalizia.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Bibi wa kilemba aligonga fremu yake sakafuni kama ngoma. Kocha alimkalisha Kiberenge kwenye ukingo wa maua, akimkemea na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Kiberenge, akihema, hakumtazama mtu mwingine ila dada yake.

"Umeipata?"

Sindano alimsogelea. Akampa kamera. Kiberenge aliangalia, akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kumtikisika, na safari hii hakugeukia ukuta wowote.

Shangazi aliipokea kamera kwa mikono yake inayotetemeka, na Sindano akaweka yake chini ili kuitegemeza. Kiberenge alikuwa katikati ya mlango, hatua moja ndani na moja nje, jasho linang'aa kwenye paji la uso wake, mweusi kama wa baba yake. Shati lilikuwa jeupe na mikunjo yake ilionekana. Nyuma yake palikuwa na giza, na ndani ya giza hilo mikono miwili ya Kocha iliyonyooshwa bila kumgusa.

"Nani alikwambia upunguze?" shangazi aliuliza.

"Hakuna. Niliona nyuma kumekuwa kweusi."

"Mimi nilikuona unarudi nyuma, nikajisemea, hapo hapo anaunguza picha. Niliuma ulimi nisikupigie kelele." Aliinua kichwa, na ile ahadi yake ya kutosema neno ikaishia hapo. "Jamani!" aliwapazia sauti watu wote uani. "Mnamwona huyu? Huyu ni mtoto wa kaka yangu!"

Watu wakampigia makofi Kiberenge.

"Si huyo!" shangazi aliwaka. "Huyu mwenye kamera!"

"Shangazi, aliyetembea ni mimi!" Kiberenge alilalamika, na hapo kila mtu uani hakuwa na mbavu.

Picha ile Sindano aliipeleka ikasafishwe iwe kubwa siku hiyo hiyo. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo mlangoni penye mwanga. Alipitisha kidole juu ya ule mguu wa plastiki na kiatu chake, polepole, kama anayepima joto la mtoto, kisha akapanda mpaka usoni.

"Amekonda," alisema. "Lakini angalia alivyokibeba kichwa." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaiweka picha mapajani. "Haya, nieleze. Alianzia wapi? Na wewe ulisimama wapi?"

Sindano alimweleza yote, dirisha na kiti na kizingiti, na alipofika pale alipozungusha gurudumu, mama, ambaye hakuwahi kushika kamera zaidi ya kuipokea na kuirudisha, alimtaka aeleze pole pole, kwa nini kurudi nyuma na si mbele. Sindano alichukua majora mawili akamwonyesha. Mama alifuatisha kwa makini, akaitikia kwa kichwa. "Una akili," alisema. "Nyote wawili mna akili. Mmoja tu ndiye mkaidi."

Kiberenge aliruhusiwa baada ya hapo, na akarudi kazini kwake kuwafundisha vijana wapya namna ya kuipima nguzo kabla ya kuipanda. Akisimulia alivyotembea mpaka nje ya ukumbi siku ile, safari huwa inaongezeka urefu kila mara, na picha ipo ukutani inamtazama anavyopiga chuku.

Kocha naye alimwita Sindano. Alitaka kila mgonjwa anayeachia mabomba apate picha yake. Sindano alikubali, akaweka siku moja ya juma kwa kazi hiyo, na siku hiyo cherehani hufunikwa. Wa kwanza aliyemkuta alikuwa mwalimu mmoja mwenye aibu, aliyesimama pembeni ya dirisha akiwa ameishika fimbo yake kwa nguvu. Aliuliza asimame wapi, atazame wapi, atabasamu au asitabasamu.

Sindano alimtazama, akaitazama nuru iliyokuwa nyuma yake, kidole gumba kikasogeza gurudumu.

"Wewe njoo tu, mwalimu," alisema. "Mimi nitakufuata."